Risala ya Shule za Sekondari za Masisi na Walikale: Vita Visituchagulie Masomo

Kwa:
Mheshimiwa Waziri wa Elimu ya Taifa na Uraia Mpya, Kinshasa
Mheshimiwa Waziri wa Afya, Kinshasa
Mheshimiwa Gavana wa Jimbo la Kivu ya Kaskazini
Mkurugenzi wa Jimbo la Elimu la Kivu ya Kaskazini 3 (Proved), Masisi na Walikale
Wakubwa wa pande zote zenye kushika silaha katika Masisi na Walikale

Nakala kwa: wasimamizi wa shule za Kikatoliki, za Kiprotestanti, za Kiadventista, za Kikimbangu na za Kiislamu, machifu wa sheferi za Bahunde na Bashali, wakuu wa sekta za Osso, Katoyi, Wanyanga na Bakano, mashirika yanayosaidia elimu.

Kuhusu: seksio na masomo yanayopotea katika shule zetu za sekondari.

Waheshimiwa,

Tunaowaandikia ni wanafunzi wa humanite (miaka minne ya mwisho ya sekondari), walimu, maprefe na wazazi wa Masisi na Walikale. Wengine wetu tuko vijijini kwetu, wengine tungali kwa ndugu waliotupokea, wengine tumerudi na kukuta shule haina mabati. Tumeelewana juu ya jambo moja, nalo ndilo linalotusimamisha mbele yenu.

Vita vimepunguza masomo ya watoto wetu hadi yakabaki yale tu yanayofundishwa kwa chaki. Mtoto anapomaliza mwaka wa nane, hakuna tena anayemuuliza anapenda nini au ana akili ya kazi gani. Anaulizwa ni shule gani bado ina mlango, na shule hiyo ina seksio gani. Akiitaja, ameshachaguliwa maisha. Hilo ndilo tunalolilalamikia, na ndilo tunalodai lirekebishwe hata kabla bunduki hazijanyamaza.

I. HAKI YETU YA KUANDIKA

Ibara ya 27 ya Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 inampa kila Mkongomani haki ya kupeleka ombi kwa mamlaka, akiwa peke yake au pamoja na wenzake, nayo mamlaka inapaswa kujibu ndani ya miezi mitatu. Ibara hiyohiyo inakataza mtu kushtakiwa kwa sababu ya ombi kama hilo. Ibara ya 42 inaitaka Serikali iwalinde vijana na kila linalodhuru afya, elimu na makuzi yao. Ibara ya 43 inatamka kwamba kila mtu ana haki ya elimu ya shule. Mwaka 2016 nchi yetu iliunga mkono Azimio la Shule Salama, na Oktoba 2021 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 2601 juu ya kulinda elimu wakati wa vita.

Tunaandika wenyewe pia kwa sababu nyingine. Masisi haikupiga kura Desemba 2023 kwa sababu ya vita, basi haina mbunge aliyetumwa na watu wake katika Bunge lililoketi baada ya kura hiyo. Asiyekuwapo na lake halipo. Risala hii ndiyo kiti chetu.

II. HALI ILIVYO

Vita si vigeni kwetu. Machi 1993 vilianzia sokoni Ntoto, Walikale, vikaenea hadi Masisi. Tangu hapo wazazi wengi wanaotia sahihi risala hii walisoma kwa vipande: mwaka huku, mwaka kule, mwaka hakuna. Tulidhani watoto wetu wangesoma moja kwa moja.

Mwaka wa shule 2024-2025 uliyakata matumaini hayo. Wapiganaji wa M23 walikuwa wameshachukua Rubaya mwishoni mwa Aprili 2024. Tarehe 4 Januari 2025 waliingia Masisi-centre. Sake ikafuata, kisha Goma mwishoni mwa mwezi huohuo. Machi wakapita Nyabiondo na Kibua, wakafika Walikale-centre tarehe 19, wakaondoka mwanzoni mwa Aprili. Mapigano kati yao na Wazalendo, vikundi vinavyopigana upande wa Serikali, yakaendelea katika vijiji vya njiani. Februari 2025 UNICEF ilieleza kwamba zaidi ya shule na vituo vya kusomea 2,500 vimefungwa katika Kivu ya Kaskazini na ya Kusini, na watoto 795,000 hawasomi.

Wanafunzi wetu waliokuwa wamekimbilia Goma, wakilala katika kambi za Bulengo, Lushagala au Kanyaruchinya na kusoma katika shule za mji, walilazimika kubomoa vibanda vyao Februari hiyohiyo na kurudi makwao, mwaka wa shule ukiwa katikati. Wengi walirudi bila buletini (ripoti ya pointi). Aliyekuwa akisoma Sayansi Goma alifika kijijini akakuta kuna Pedagojia tu.

Kuna pia jambo ambalo halikusababishwa na vita, ila vita vimelitia uchungu. Elimu ya msingi bila malipo ilianza mwaka wa shule 2019-2020. Watoto walioingia darasa la kwanza Septemba 2019 wamemaliza la sita mwaka 2025. Kundi hilo ni kubwa kuliko lolote tulilowahi kuona, na sasa linagonga mlango wa sekondari, ambako bure inakoma na mzazi anaanza kutoa minervali (karo) na primu (nyongeza) ya mwalimu. Watoto wameongezeka, seksio zimepungua, na mfuko wa mzazi ambaye shamba lake liko nyuma ya mstari wa mapigano ni mtupu.

III. MALALAMIKO YETU

1. Uchaguzi wa seksio umebaki kwenye karatasi.

Katika mpango wa taifa, mwanafunzi wa humanite anaweza kuchagua Kilatini na filosofia, Sayansi, Pedagojia ya jumla, Biashara na uongozi, Ufundi wa jamii, Ushonaji, Kilimo, Mifugo, Ujenzi, Umeme, Mekanika na nyinginezo. Huku kwetu seksio inayopatikana karibu kila mahali ni Pedagojia, kwa sababu inahitaji ubao, chaki na shule ya msingi ya jirani kwa ajili ya masomo ya majaribio. Inayofuata ni Ufundi wa jamii. Ukitaka Sayansi utembee mbali. Ukitaka Umeme au Mekanika uhame.

Hatuidharau Pedagojia, ndiyo iliyotupa walimu. Lakini tazameni mzunguko wake. Kijana anaisoma kwa kuwa ndiyo iliyopo. Anapata diploma, anakuwa D6 kama mamia ya wenzake, anafundisha shule ya msingi. Jina lake halijaingia kwenye orodha ya mishahara, anaitwa Nouvelle Unité, anangoja mwaka hadi mwaka. Akichoka anashuka machimboni au anafuata wenye silaha. Shule yake inakosa mwalimu, na mdogo wake anayefika sekondari anakuta seksio zilezile. Hivi ndivyo uhaba wa seksio unavyolisha vita.

2. Masomo ya sayansi yanafundishwa bila vitu vyake.

Programu mpya za mwaka wa saba na wa nane zimeleta pamoja hesabu, fizikia, teknolojia, baiolojia na TIC (teknolojia ya habari na mawasiliano). Tunazikubali, ni programu nzuri. Lakini mwalimu wa TIC anachora kompyuta ubaoni, anaandika neno "klavye" kwenye mshale, na mtoto ananakili. Mwalimu wa kemia anaeleza rangi ya mmenyuko ambao wanafunzi wake hawajauona, na pengine naye aliuona mara ya mwisho chuoni. Mahali ambapo labo ilikuwapo, vioo vimevunjwa na meza zimekuwa kuni za waliolala humo.

Kwa Walikale shida hii ina mguu wa pili. Barabara ni matope, na kwa miaka mingi mizigo ilifika kwa ndege ndogo kutoka Goma hadi Kilambo. Uwanja wa ndege wa Goma ulipofungwa Januari 2025, sanduku la vitabu likawa mzigo wa anasa.

3. Siku ya nne ya Exetat inatuhukumu kwa kosa lisilo letu.

Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, unachukua siku nne: maarifa ya jumla, sayansi, lugha, na siku ya mwisho masomo ya seksio. Mwanafunzi aliyebadilishiwa seksio katikati ya mwaka kwa sababu kijiji chake kilihama anaketi siku hiyo mbele ya maswali ya miaka minne ambayo yeye alisoma miezi michache. Kabla ya hapo kuna kikao cha mazoezi ya kazi. Mwanafunzi wa Kilimo ambaye shule haikuwa na shamba salama, au wa Pedagojia ambaye shule ya majaribio ilijaa wakimbizi, ataonyesha nini mbele ya jopo?

4. Ardhi yetu ina kazi ambazo shule zetu hazizifundishi.

Rubaya, katika Masisi, inatoa kiasi kinachokadiriwa na Umoja wa Mataifa kufikia asilimia 15 ya tantali ya dunia. Bisie, katika Walikale, ni mmojawapo wa migodi mikubwa ya bati duniani. Vijana wetu wanayajua mashimo hayo kwa mikono na mabega. Udongo umeporomoka Rubaya zaidi ya mara moja na kuzika wachimbaji. Pamoja na hayo, mtoto wa Rubaya au wa Ndjingala hana karibu naye shule inayomfundisha jinsi mwamba unavyokatika, jinsi shimo linavyoegemezwa, jinsi madini yanavyopimwa, wala jinsi mkataba unavyosomwa. Wapimaji na wahandisi wanatoka mbali. Sisi tunatoa wabebaji.

Milima ya Masisi ni ya ng'ombe na maziwa. Fromaji ya Masisi inaliwa Goma na ng'ambo ya Ziwa Kivu. Walikale ni msitu, mawese, mpunga na mihogo, nao unapakana na kuingia katika hifadhi za Kahuzi-Biega na Maiko. Seksio za Mifugo, Kilimo na Misitu zingepaswa kuwa fahari yetu. Ndizo za kwanza kufa kila vita vinapokuja, kwa sababu ng'ombe wa shule huibwa na shamba la shule hukanyagwa.

5. Uuguzi umekwama kati ya wizara mbili.

Shule za uuguzi za A2, yaani za kiwango cha sekondari, ziko chini ya Wizara ya Afya. Hali hiyo imefanya kila tunapouliza tuambiwe tuulize kwingine. Watoto wetu wanataka kusomea kazi hii kwa sababu wameona majeruhi wengi kuliko umri wao unavyostahimili. Hospitali Kuu ya Rufaa ya Masisi, inayosaidiwa na Médecins Sans Frontières tangu 2007, na hospitali za Mweso na Walikale zingeweza kuwa uwanja wa mazoezi. Lakini mwanafunzi wa staji anahitaji mahali pa kulala, chakula, na karatasi ya kupita vizuizini. Wasichana ndio wanaolipa zaidi: njia ya saa kadhaa kati ya shule na hospitali ni njia ya kubakwa, na wazazi wanaikata kwa kumtoa binti shuleni.

6. Mwalimu wa seksio hapatikani kwa sababu halipwi.

Mwalimu wa fizikia au wa mekanika anaweza kupata kazi nyingine. Kwa hiyo ndiye wa kwanza kuondoka. Benki za Goma zilipofunga milango baada ya Januari 2025, hata aliyekuwa kwenye orodha ya mishahara alijikuta akitafuta pesa yake ng'ambo ya mistari ya mapigano. Seksio hufa siku mwalimu wake wa pekee anapofunga mzigo.

7. Shule zinatumiwa kama kambi.

Hatutaji jina la kundi, kwa sababu malalamiko haya yanawahusu wengi na tunaishi katikati yao. Tunasema tu: darasa lenye alama za risasi ukutani linaweza kupakwa chokaa, lakini orodha za wanafunzi, rejista za pointi na mihuri iliyochomwa hairudi. Mtoto asiye na rejista hana miaka aliyosoma.

IV. KWA NINI VITA SI JIBU LA KUTOSHA

Tunaambiwa: ngojeni amani, kisha tutazungumza juu ya seksio. Tunajibu kwa mfano wa mbali.

Februari 1942 rais wa Marekani alitia sahihi amri iliyopelekea watu wapatao 120,000 wa asili ya Kijapani, wengi wao raia wa nchi hiyo, kufungiwa katika kambi kama ile ya Manzanar jangwani. Ilikuwa dhuluma, Marekani yenyewe iliomba radhi kwa sheria ya mwaka 1988. Lakini hata ndani ya seng'enge zile shule za sekondari zilifunguliwa. Mwanzoni watoto walikaa sakafuni bila vitabu. Baadaye zikawa na idara za lugha, sayansi, biashara, kilimo na ufundi, na vijana wakatoka na vyeti. Serikali iliyowafungia watoto kwa kuwadhania adui ilijua kwamba mtoto hawezi kungoja vita viishe ndipo asome kemia. Sisi hatudhaniwi kuwa adui wa nchi yetu. Tunadai angalau kiasi hicho.

Tena, amani yenyewe itadai watu. Juni 2025 Kongo na Rwanda zilitia sahihi mkataba Washington, na Julai Serikali na AFC/M23 wakatia sahihi tamko la kanuni Doha. Siku maneno hayo yatakapokuwa kweli mashambani, nani atapima mipaka ya mashamba yanayogombewa? Nani atatibu mifugo, atajenga madaraja, atashika vitabu vya hesabu za sheferi? Wakiwa hawajaanza kusomeshwa leo, hawatakuwapo.

V. MADAI YETU

Kwa Wizara ya Elimu ya Taifa na Proved, tunadai:

a) Ndani ya miezi mitatu, itangazwe ramani ya seksio zote za Masisi na Walikale: ipi inafanya kazi, wapi, ina walimu wangapi, na ipi iko kwenye karatasi tu. Ibandikwe katika kila ofisi ya sekta na sheferi ili wazazi waisome.

b) Kufikia mwanzo wa mwaka wa shule ujao, kila moja ya sekta na sheferi zetu sita iwe na angalau shule moja ya Sayansi yenye walimu kamili na shule moja ya ufundi. Tusianze na majengo. Tuanze na mwalimu, sanduku la maabara linalobebeka, na paneli ya jua.

c) Ifunguliwe seksio ya Migodi na Jiolojia Masisi na nyingine Walikale, Mifugo irudishwe katika milima ya Masisi, na Kilimo na Misitu katika Walikale.

d) Mwanafunzi aliyehamishwa na vita apokelewe bila buletini, apimwe kwa jaribio la siku moja, na aruhusiwe kubaki katika seksio yake ya kwanza. Pasipokuwa na seksio hiyo, apewe vitabu na mwalimu wa kumfuatilia.

e) Vituo vya Exetat viwekwe mahali ambapo hakuna mtahiniwa atakayevuka mstari wa mapigano, na waliopoteza mwaka kwa vita wasitozwe ada ya kushiriki.

f) Walimu wa Nouvelles Unités waingizwe kwenye orodha ya mishahara, wakianzwa wale wa sayansi na ufundi, na itafutwe njia ya malipo inayofika mahali ambapo benki hazifanyi kazi.

Kwa Wizara ya Afya:

g) Mkae meza moja na wenzenu wa Elimu, mtupe jibu moja juu ya shule za uuguzi, na kila hospitali kuu ya rufaa iwe na nyumba salama ya kulala wanafunzi wa staji, wasichana wakitangulizwa.

Kwa Gavana na wanaosimamia mapato ya madini:

h) Kanuni ya Madini ya mwaka 2018 inaipa serikali ya mahali asilimia 15 ya mrabaha, na inamtaka mwenye mgodi atenge angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii. Tunadai hesabu za fedha hizo zisomwe hadharani, na sehemu inayojulikana ipelekwe kwenye seksio za ufundi.

Kwa wote wenye silaha, wawe wa Serikali au la:

i) Tokeni mashuleni. Msilale humo, msiweke risasi humo, msichome madawati wala rejista. Msimwandike mtoto wa shule jeshini. Mwalimu anayefundisha upande wenu asiitwe msaliti upande wa pili, na mwanafunzi mwenye kadi ya shule apite kizuizini bila kutozwa.

VI. AHADI ZETU

Hatuji mikono mitupu. Wazazi watatoa viwanja na kufanya salongo (kazi ya pamoja) ya kujenga. Komite za wazazi zitatunza vifaa na kusoma hesabu zake mbele ya watu kila robo ya mwaka. Maprefe wataandika rejista kwa nakala mbili, moja ikiwekwa mbali na shule. Walimu watafundisha kwa zamu pale wanafunzi wanapozidi nafasi. Wanafunzi tunaotia sahihi tunakubali kurudi, baada ya masomo yetu, kufundisha au kufanya kazi katika sekta zilizotusomesha.

Miezi mitatu ya Ibara ya 27 tunaihesabu tangu siku risala hii inapopokelewa na kupigwa muhuri. Siku ya mwisho ya miezi hiyo tutakusanyika katika shule zetu, upande wowote wa mstari zilipo, na kuwasomea wazazi jibu lenu, dai kwa dai, kuanzia (a) hadi (i). Dai lisilojibiwa litasomwa hivyo hivyo: halikujibiwa. Kisha tutaandika tena.

Kwa heshima,

Wanafunzi, walimu, maprefe na wazazi wa shule za sekondari za Masisi na Walikale